Gari la Viti Viwili

Bisibisi ilizama yote, ukabaki mpini tu. Rubani hakuwa ameisukuma. Aliigusisha kidogo chini ya mlango wa gari lake, pale ambapo rangi ilikuwa imetuna kama ngozi iliyoungua, nayo ikapenya bila ukinzani, kana kwamba ilikuwa ikisubiriwa huko ndani. Alipoichomoa, vumbi la kahawia lilimwagikia viatu vyake, na likaendelea kumwagika kwa muda mrefu kuliko heshima ilivyoruhusu.

"Ni kutu ya juu juu tu," alisema.

"Ya juu juu," mkewe aliitikia akiwa mlangoni mwa banda. "Na hiyo bisibisi imekwenda kumsalimia nani huko ndani?"

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la viti viwili, lenye pua ndefu na mgongo mfupi, mojawapo ya yale magari ya mbio ambayo vijana wa zamani walikata picha zake magazetini wakazibandika ukutani. Katika maelezo ya Rubani lilikuwa jekundu. Kwa macho ya watu wengine lilikuwa na rangi nne, na mojawapo ilikuwa kutu. Yeye mwenyewe alikuwa mchoraji ramani mstaafu, na jina la Rubani alilipata mtaani kwa sababu ya miwani mikubwa ya kukingia cheche, ambayo hakuivua hata alipoketi mezani. Walimpa jina hilo kwa mzaha, naye alilipokea kama cheo.

Mkewe alikuwa msusi, na siku hiyo hakuwa amekuja bandani kutazama kutu.

"Mwenye chumba anataka chumba chake," alisema. "Ananitoa saluni afungue duka la simu. Jumatatu niwe nimeondoka. Wateja wangu watakaa wapi? Juu ya boneti?"

Rubani aliitazama boneti kwa makini, kama mtu anayelipima wazo.

"Usinitanie, mume wangu. Banda hili lina umeme, lina bomba la maji, lina dirisha la barabarani. Hii ni saluni iliyomezwa na gari. Sasa nisikilize. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, gari hili litoke getini kwa nguvu zake lenyewe, liende mpaka stoo ya shemeji. Likifika, kaa nalo hukohuko, mzeeke pamoja. Lisipofika, Mzee wa Vyuma analibeba akaliyeyushe."

"Mbona tunaweza tu kulivuta hadi..."

"Kulivuta, hapana! Lilivutwa likija hapa, likavutwa kwenda kupakwa rangi, likavutwa kurudi. Mtaa mzima unalijua kwa kamba yake. Juzi mteja mgeni kaniuliza hicho tunachotembeza kwa kamba ni kitu gani, nikamwambia ni mbwa."

Rubani alivua glavu, akanyoosha mkono. Walipeana mikono kama wafanyabiashara, kisha Msusi akaufuta wake kwenye shati la mumewe, ili kutu irudi kwa mwenyewe.

*

Stoo iliyotajwa ilikuwa ya Fundi Bomba, mdogo wake Rubani, aliyeuza na kuunganisha mabomba ya maji umbali wa kona mbili kutoka pale nyumbani. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, ambaye hakuwahi kukataa kazi kwa sababu haijui. Ndugu hao walikamilishana kwa namna ya hatari. Mmoja alipima kitu mpaka wakati wa kukitengeneza ukapita. Mwingine alikuwa ameshakitengeneza kabla mwenzake hajapata penseli.

Walianza na kutu. Kutu ina tabia ya umbea: unafuatilia tundu moja dogo, unakuta nyumba nzima imo. Walikata chini ya mlango wakitafuta chuma kizima, wakapitia nguzo ya mlango, wakaingia sakafuni, na walipoinua zulia upande wa abiria wakaiona ardhi.

"Kaka," alisema Fundi Bomba, akipunga mkono wake chini ya gari na kuutazama kutokea juu, "kiti hiki kilikuwa kimeshikiliwa na zulia."

"Panahitaji bati. Lisiwe jembamba sana. Upana wa sentimita arubaini na..."

"Bati lipo. Niachie mimi."

Aliondoka, akarudi muda si mrefu na kitu cha mviringo kilichofungwa gunia. Rubani alikuwa amelala chini ya gari akisugua nguzo kwa brashi ya waya, na hakuuliza. Cheche ziliruka, moshi ukapanda, na ilipofika jioni gari lilikuwa na sakafu. Fundi Bomba aliharakisha kuitandikia zulia.

Siku hiyohiyo mama mkwe, yaani mama yake Msusi, aliyekuwa akiishi nao, alianza kutafuta sinia lake. Lilikuwa sinia la chuma, kubwa, lenye waridi jekundu lililochorwa katikati. Aliliulizia jikoni, akaliulizia uani, akamuuliza jirani kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza. "Sitaji mtu," alisema wakati wa chakula, akimtazama kila mtu kwa zamu. "Lakini sinia halina miguu."

Fundi Bomba, aliyekuwa amealikwa mezani, aliinama akala kwa bidii isiyo ya kawaida.

Siku iliyofuata palikuwa na unyevu hewani, na puti waliyokuwa wamepaka kuziba mabonde ya mlango ilikataa kukauka. Rubani aliigusa kwa kidole, ikafuata kidole. Alisimama akifikiri. Kisha alivuka barabara hadi saluni, akatoka na draya ya mkono huku mkewe akiwa amegeuka kuchanganya dawa ya nywele.

Mteja aliyekuwa kitini, karani wa benki, alikuwa na rola kichwa kizima na ahadi ya kufika harusini jioni. Alimwona Rubani katika kioo akitoka na draya, akadhani ndivyo saluni hiyo inavyoendeshwa. Msusi alipogeuka na kuikosa, alielewa mara moja. Hakuwa na muda wa kurudi na draya na kuanza upya. Alimshika karani mkono, akamvusha barabara na taulo yake mabegani, akamketisha katika kiti cha abiria cha gari la mbio, akampokonya mumewe draya.

"Samahani, dada yangu," alimwambia mteja. "Kuna mgonjwa mwingine alipita mbele yako."

"Hapa kulia bado pabichi," alisema karani, akijaribu kutotazama mlango uliokuwa umefunguliwa matumbo. Msusi, aliyekuwa amechuchumaa akimkabili uso kwa uso, alipeleka draya kushoto kwake bila kufikiri, mahali palepale palipokuwa pabichi. Rubani alisimama pembeni na miwani yake, akisubiri zamu ya mlango.

Nywele zilikauka vizuri. Lakini vumbi la puti iliyokwisha kusuguliwa lilikuwa jepesi, la kijivu, na draya ilikuwa na nguvu, na karani aliinuka akiwa ameongezeka umri. Alijitazama katika kioo cha pembeni cha gari. Alilipa, akashukuru, akasema atarudi mwezi ujao, kwa ile sauti ya watu wasiorudi.

Msusi hakugomba. Alikunja waya wa draya taratibu. "Huyo," alisema, "alikuwa akija kila wiki." Kisha akaondoka, na Rubani akaona ingekuwa nafuu kama angegombezwa.

*

Usukani ndio uliobaki, na usukani ndio uliokuwa na kiburi. Wa zamani ulikuwa mzito kiasi kwamba kugeuza gari mahali finyu kulihitaji watu wawili na maombi, tena ulilegea hivi kwamba dereva aliweza kuuchezesha robo nzima bila magurudumu kupata habari. Bega la Rubani, lililokaa miaka mingi juu ya meza ya kuchorea, halikuuweza tena. Kwa hiyo alikuwa amenunua kwenye gofu la gari dogo la kisasa usukani wa umeme, wenye mota ndogo inayomsaidia dereva, pamoja na raki yake, yaani ile fimbo yenye meno inayovuta magurudumu huku na huku.

Tatizo lilikuwa nafasi. Fimbo ya zamani ilikaa nyuma ya ekseli. Hiyo mpya ilikuwa nene, na ilipopelekwa nyuma ya ekseli iligonga bakuli la oili la injini.

"Haiingii," alisema Rubani kutoka chini. "Imezidi milimita thelathini na moja." Alikuwa ameipima kutoka pande mbili na kuchora mchoro sakafuni kwa chaki. "Itabidi injini iinuliwe, tutengeneze vishikio vipya, halafu..."

"Na hapa mbele?" Fundi Bomba aliuliza.

"Mbele wapi?"

"Mbele ya ekseli. Hapa pote pako wazi, kaka. Unaweza kupitisha bomba la inchi nne."

Rubani alitambaa akaja kutazama. Palikuwa wazi kweli. Alipima, vipimo vilikubali kwa namna ambayo vipimo havikuwahi kumkubalia maishani.

"Bomba halina mbele wala nyuma," alieleza Fundi Bomba, akiwa tayari na spana. "Palipo na nafasi ndipo linapopita. Maji yatafika."

Mtu aliyechora ramani kwa miaka mingi angepaswa kushtuka hapo. Lakini Rubani alikuwa ameupigania ule upungufu wa milimita kwa asubuhi nzima, na nafasi ile pana ilimlewesha. Walifunga raki mbele ya ekseli, wakakaza bolti, wakaunganisha waya. Gari likiwa juu ya jeki, Rubani aliketi nyuma ya usukani, akaugeuza kwa kidole kimoja. Mota ilinung'unika kwa adabu.

"Kidole kimoja!" alisema. Macho yalimlengalenga ndani ya miwani. Pua ndefu ya gari ilimzuia kuyaona magurudumu, ndiyo maana alipaza sauti: "Nageuza kulia! Yamekwenda wapi?"

"Kulia!" alijibu Fundi Bomba, aliyesimama mbele ya gari akilikabili.

Mtu wa vipimo alisita. "Kulia kwako au kwangu?"

Fundi Bomba alitazama mkono wake mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa saa ya chakula. "Kaka," alisema, "kulia ni kulia."

Rubani aliridhika. Alishuka, wakanawa mikono kwa sabuni ya unga, wakaenda kula.

*

Jumamosi Mzee wa Vyuma alifika mapema na lori lake lenye winchi. Alikuwa mzee mrefu, mpole, aliyenunua magari yaliyokufa na kuyapeleka kuyeyushwa, na kazi hiyo ilikuwa imempa mwenendo wa mtu wa mazishini. Aliegesha nje ya geti, akavua kofia, akawapa mikono wote kwa zamu.

"Poleni," alisema.

"Bado halijafa," alijibu Rubani.

"Naam. Nimekuja mapema kidogo ili wenyewe wasije wakaharakishwa." Akalitazama gari kwa huruma. "Liliugua muda mrefu?"

"Tangu nihamie hapa," alisema mama mkwe, aliyekuwa ameweka kiti kivulini ili aone vizuri. Majirani nao walikuwa wameanza kukumbuka shughuli zilizowahusu karibu na uzio.

Rubani alifungua mlango wa abiria, akatoa zulia akung'ute vumbi, ili gari lisafiri likiwa safi. Jua likaingia sakafuni. Palikuwa na duara la chuma lililochomelewa kote pembeni kwa ustadi wa fundi bomba asiyetaka tone livuje, na katikati ya duara, likiwa na moshi kidogo tu, lilichanua waridi jekundu.

"Hilo ua," alisema mama mkwe, akiinuka, "nalifahamu."

Fundi Bomba aligundua jambo la kutazama angani. "Mama, mimi nilidhani limetupwa. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, nje."

"Lilikuwa linakauka! Nimelisafirisha sinia hili miji mitatu, halijapata hata mkwaruzo, leo nalikuta limekuwa gari! Nilipika nini mimi jikoni hata liadhibiwe hivi?" Alimgeukia Mzee wa Vyuma. "Mzee wangu, gari uchukue. Sinia hapana."

"Mama," alijibu yule mzee, akirudisha kofia kifuani, "mimi sichukui kitu chenye mgogoro wa mali. Malizaneni kwanza."

"Hachukui mtu kitu," alisema Rubani. "Linaondoka lenyewe." Akashusha miwani machoni, akaingia, akawasha.

Injini iliwaka. Hilo lilimshangaza kila mtu, na zaidi yeye. Gari lilitoka bandani polepole, pua mbele, likimeta mahali palipokuwa na rangi. Geti lilikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa na kamba ya nguo, na juu ya kamba mashuka ya wiki nzima. Rubani aligeuza usukani kulia, kwa kidole kimoja, akiwatazama majirani.

Gari likaenda kushoto.

Aligeuza kulia zaidi. Likaenda kushoto zaidi, kwa utii kamili. Fundi Bomba alikimbia pembeni akipiga kelele, "Kulia! Kaka, kulia!" naye akajibu kutoka ndani, "Ndiyo nageuza kulia!" Uzuri wa usukani ule ulikuwa wepesi wake, kosa lote lilifanyika bila jasho. Gari liliingia katika mashuka, likapita, likasimama upande wa pili likiwa limejifunika gubigubi, na kamba ikifuata nyuma kama ilivyokuwa desturi yake.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa jirani. Wa pili alikuwa mama mkwe, ambaye baadaye alikana. Mzee wa Vyuma aliliona gari lile limefunikwa shuka jeupe, akainamisha kichwa.

Rubani alitoka, akaondoa shuka, akalala chini akatazama. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe na kuikuta imeandikwa vizuri.

"Zamani fimbo ilivuta gurudumu kwa nyuma. Ukiuvuta mkia kwenda kushoto, kichwa kinakwenda kulia. Sisi tumeihamishia mbele. Sasa inavuta kichwa." Aligonga bolti moja kwa kidole. "Kila kitu kimefungwa sawasawa. Kinafanya kazi kinyume, basi."

"Tunaweza kuirudisha," alisema Fundi Bomba kwa sauti ndogo. "Tunainua injini kidogo, tunatengeneza vishikio. Kesho mchana imekwisha."

"Mkataba ni leo."

Alijaribu tena. Safari hii alijua, na kujua hakukumsaidia. Kichwa kiliamuru kushoto, mikono ikasikia kulia, na gari likaenda kuligonga pipa la maji kwa pua yake ndefu, likakaa hapo maji yakiliroweka. Alirudi nyuma, akajaribu mara nyingine, akafika mbele ya ukuta wa choo. Kelele za majirani ziligeuka kuwa ushauri, na ushauri ukamchanganya zaidi, kwa kuwa kila mmoja alitaja upande kwa mujibu wa mahali aliposimama.

Hapo Rubani alizima injini. Alivua miwani. Mkewe hakukumbuka lini alimwona mara ya mwisho bila miwani mchana. Macho yake yalikuwa na miduara miwili safi, myeupe, katikati ya uso uliojaa vumbi, na yalionekana machanga kuliko uso wenyewe. Hakulalamika, wala hakuomba saa moja ya nyongeza. Alichukua bisibisi ileile, akapiga magoti mbele ya gari, akaanza kufungua kibao cha namba.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "nitakuomba dakika chache tu tulikate sinia la mama. Lingine lote chukua."

Mama mkwe alikohoa. "Si lazima leo," alisema, akakitazama kiti chake.

Msusi alikuwa ameegemea mlango wa banda, ambalo sasa lilikuwa tupu, pana, lenye dirisha la barabarani. Alikuwa ameshinda. Alikuwa hata amelikagua kwa macho na kuamua mahali pa kioo. Aliitazama shingo ya mumewe ikiwa imeinama juu ya skrubu ya mwisho ya kibao, nywele zake zikiwa zimeshikana kwa puti, akatoka pale mlangoni akamfuata.

"Acha hiyo namba," alisema. "Ingia upande wa pili."

"Upande wa pili wapi?"

"Kiti cha abiria. Lina viti viwili, siyo?"

"Mke wangu, halishikiki. Umeliona."

"Nimekuona wewe. Ingia."

Aliketi nyuma ya usukani, akasogeza kiti, akafunga kitambaa cha kichwa vizuri kama anavyofanya kabla ya mteja mgumu. Rubani aliingia, akakumbuka kilichokuwa chini ya miguu yake, akasita.

"Usinikanyagie maua yangu!" mama mkwe alipaza sauti.

Rubani aliinua miguu, akayakumbatia magoti.

"Sasa unyamaze," alisema Msusi. "Usiniambie kulia, usiniambie kushoto. Mimi siku nzima nasimama mbele ya watu tunatazamana. Mtu akiniambia punguza kulia, mkono wangu unakwenda kushoto, na sijawahi kumkata mtu sikio. Hili nalo ni mteja. Limekaa linanitazama."

Akawasha. Gari lilirudi nyuma kutoka ukuta wa choo, likajipinda, likaelekea geti. Msusi aliuzungusha usukani kushoto, taratibu, akiwa ametoa ncha ya ulimi, na pua ndefu ikaja kulia kama kichwa cha mtu aliyeombwa ageuke kidogo. Nguzo ya geti ilipita karibu na kioo cha pembeni.

"Huyu ana sikio kubwa," alinong'ona, akaikwepa.

Wakatoka barabarani. Fundi Bomba alitangulia kwa miguu akipunga kitambaa chekundu, kwa mwendo usiozidi ule wa bibi harusi. Nyuma yao likafuata lori la Mzee wa Vyuma, ambaye alisema baadaye kwamba hakuwa na nia mbaya, bali ilikuwa njia yake ya kurudi nyumbani. Nyuma ya lori wakafuata majirani, na nyuma ya majirani, bila kuharakisha, mama mkwe, akilinda mali yake. Kona ya kwanza Msusi aliikata vizuri. Kona ya pili palikuwa na mwendesha baiskeli aliyekuwa amesimama kushangaa, na Rubani alifumba macho, akavuta pumzi kuanza kusema kitu.

"Nyamaza."

Alinyamaza. Alipofumbua macho, mwendesha baiskeli alikuwa mzima nyuma yao, na mbele palikuwa na mlango wa stoo uliofunguliwa kwa upana, mabomba yamepangwa pande zote mbili. Gari likaingia katikati yake bila kugusa hata moja. Mahali fulani kengele ya shule ilikuwa ikilia kutangaza saa sita.

Mzee wa Vyuma alisimamisha lori, akashuka, akaja hadi dirishani. Alilitazama gari, akamtazama dereva, akamtazama abiria aliyekuwa bado ameinua miguu.

"Nimeyasindikiza mengi," alisema. "Hili ndilo la kwanza kunipotezea safari." Akavaa kofia, na ilionekana kwamba amefurahi.

Msusi alizima injini. "Hilo fimbo lenu mlirudishe nyuma," alisema. "Siwezi kukuendesha maisha yangu yote."

"Tutalirudisha," alisema Rubani. Alikuwa na miguu iliyokufa ganzi na jambo la kusema, lakini jambo lenyewe halikupata mlango. Akasema, "Ile kona ya pili..."

"Nimeiona."

*

Jumatatu banda lilinuka rangi mpya na, kwa chini, oili ya zamani ambayo haikukubali kuondoka. Kioo kilikuwa ukutani, rola katika kikapu, draya katika msumari wake, na juu ya msumari Rubani alikuwa amechora mstari na kuandika kwa herufi zake safi za ramani: HAITOKI. Mama mkwe alikuwa ameahidiwa sinia jingine, akalikataa. Alisema sinia lake analo; ila limeegeshwa kwa Fundi Bomba, na siku gari likitengemaa yeye ndiye atakayeketi upande ule, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye haki ya kuweka miguu pale.

Wateja walikuwa hawajafika. Msusi aliliona jambo hilo, akajifanya halioni, akafagia sakafu ambayo haikuwa na nywele. Rubani alipita dirishani mara ya kwanza, akapita mara ya pili, mwishowe akaingia akavua miwani, akaketi kitini.

"Puti imeganda kichwani," alisema. "Haitoki kwa maji."

"Haitoki kwa sababu ni nzuri. Uliipaka mwenyewe." Alikizungusha kiti wakatazamana, akamfunga kitambaa shingoni, akachukua mkasi. Vipande vya kijivu vilidondoka sakafuni kwa mlio mdogo, kama kokoto.

Mlango uligongwa. Alikuwa karani wa benki, akiwa amebaki nje, akinyoosha shingo kukagua pembe zote za chumba.

"Nimesikia gari limeondoka," alisema. "Limeondoka kweli?"

"Limeondoka. Niliendesha mwenyewe."

Karani alilifikiria jambo hilo, akaingia, akaketi kwenye benchi kungoja zamu.

Rubani alizipapasa nywele zake. "Umebakiza hapa," alimwambia mkewe. "Hapa kulia."

Mkono wa Msusi ulikuwa umeshakwenda kushoto kwake, mkasi umeshafunguka, mahali palepale. Rubani alitulia akauangalia. Alingoja mkewe amuulize kulia kwa nani, na mkasi ukakata.